Maswali ya Wasomaji: Huo Mstari Unapita kwa Nani?

Safari hii safu yote nimeiachia mipango miji, manake barua zimekuja nyingi na za watu tofauti tofauti, wanafunzi ndo wengi, wazazi wawili, na mmoja wao ni mama ambaye barua yake nimeisoma mara 3 kabla sijaanza kuijibu. Mimi hii fani nimeisoma, nikafanya kazi ya kupanga miji miaka kadhaa, afu nikarudi chuoni kufundisha, kwa hiyo haya ninayoyajibu nimeyaishi. Barua nyingine zilikuwa ndefu sana, nimezifupisha, mnisamehe.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo mwaka wa kwanza mipango miji. Nilichagua kozi hii kwa sababu tangu utotoni napenda kuchora, nikajua nakuja kuchora miji. Sasa semesta nzima ni historia, soshiolojia, sheria ya ardhi, uchumi, studio yenyewe ya kuchora siku moja tu kwa wiki. Nawaza kuhamia usanifu majengo. Nimekosea kozi au?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hujakosea, ila hakuna aliyekueleza mapema hii kozi ilitokea wapi, ngoja nikueleze mimi, nitachukua muda kidogo.

Mwaka 1854 kule London, mtaa wa Soho, kipindupindu kilikuwa kinaua watu kwa mamia na wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unatokana na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba anauliza nani amekufa na maji walikuwa wanachota wapi, akaona vifo vingi vimezunguka pampu moja ya maji Broad Street. Kulikuwa na kiwanda cha bia jirani kabisa na pampu ile, wafanyakazi wake karibu 70 hakufa hata mmoja, akafuatilia akakuta walikuwa na kisima chao na walikuwa wanapewa bia kiwandani, maji ya pampu hawayagusi. Mpini wa pampu ukang'olewa. Baadaye ndo akachora ile ramani yake ya vifo ambayo mpaka leo inafundishwa karibu kila chuo. Umeona mpangilio wake? Kwanza alipiga hodi, ramani ikaja baadaye.

Fani yetu imezaliwa humo, kwenye magonjwa, mitaro na vyumba visivyopitisha hewa. Uingereza ilipotunga sheria yake ya kwanza yenye jina la mipango miji, mwaka 1909, mwaka huohuo chuo cha Liverpool kikaanzisha idara ya kufundisha kazi hii. Kwa hiyo hayo masomo unayoyaona yamekuzuia kuchora, ndo yanayokufundisha unachora kwa ajili ya nani na kwa nini.

Sasa nikupe mfano wa mji ambao mchoro ulikuwa mzuri mno. Brasília, mji mkuu wa Brazil, mpango wa Lúcio Costa, majengo ya Oscar Niemeyer, ukaanza kutumika 1960, na ukiutazama kutoka angani umekaa kama ndege aliyetandaza mbawa, wanafunzi wangu wote wakiuona mara ya kwanza wanashangaa. Haya, wale vibarua maelfu kwa maelfu waliotoka mbali kuja kuujenga mji, kwenye mchoro hawakuwa na pa kukaa, ilidhaniwa kazi ikiisha watarudi kwao. Hawakurudi, nani angerudi? Taguatinga, mji wa pembeni wa kuwapa watu hao makazi, ulianzishwa 1958, yaani mji mkuu haujazinduliwa na tayari umeshafukuza watu wake wa kwanza. Sisemi Costa alikuwa mtu mbaya. Nasema kalamu yake haikuwaona wale watu, na usipofundishwa kuona na wewe hutawaona.

Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili nilichora barabara ya mchepuko kwenye zoezi la studio, nzuri, imenyooka, nilikesha siku mbili. Mwalimu wangu akaweka kidole kwenye mstari akaniuliza, hapa pana nini? Nikasema makazi. Akasema najua, kaya ngapi? Sikujua. Akaniambia nenda kahesabu ndo urudi. Nikaenda, nikahesabu kaya 61 kwenye kile kipande kifupi tu, mojawapo ilikuwa ya bibi aliyenikaribisha kiti akaniuliza nimekuja kwa ajili ya nini, na mimi nimeshika karatasi yenye mstari unaopita chumbani kwake. Sikuweza kumjibu. Nilirudi nikaufuta ule mstari nikaanza upya, na mpaka leo nikishika kalamu namkumbuka yule bibi.

Ukitaka kweli usanifu majengo hama, ni fani nzuri, ila uhame kwa sababu unapenda jengo moja kuliko mtaa mzima, usihame kwa kukimbia soshiolojia.

Swali: Mwalimu, naogopa hesabu. Je, nitaweza hii kozi?

Jibu: Utaweza. Hesabu zetu nyingi ni takwimu, asilimia, makadirio ya idadi ya watu, na kusoma jedwali bila kudanganywa nalo. Kinachowatesa wengi siku hizi ni programu za ramani za kompyuta, na hizo dawa yake ni kukaa nazo kila siku hata nusu saa, QGIS ni ya bure kabisa, ipakue leo usisubiri mpaka mwaka wa tatu. Kozi inayoangusha watu kimyakimya ni uandishi, ripoti haisomeki, sentensi haina kichwa wala miguu, hapo ndo weka nguvu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumechanganyikiwa darasani. Lekchara mmoja anatuambia mji mzuri ni ule ulioshikamana, watu wakae karibu karibu. Mwingine anasema msongamano ndo chanzo cha matatizo ya miji. Mtihani umekaribia, tuandike ya nani?

Jibu: Marahaba. Msiandike ya mtu, andikeni ya hoja. Lakini kwanza tenganisheni vitu viwili ambavyo naona mmevichanganya. Kuna watu wengi kwenye hekta moja, na kuna watu wengi kwenye chumba kimoja. La kwanza linaweza kuwa jema kabisa, basi linakuwa na abiria, bomba moja la maji linahudumia wengi, mtoto anatembea kwenda shule. La pili ni mateso na magonjwa. Unaweza ukawa na maghorofa marefu ambayo kila familia ina nafasi yake, na unaweza ukawa na vijumba vya chini vimetawanyika ila ndani watu wanalala saba saba. Inawezekana walimu wenu wanakubaliana zaidi ya mnavyodhani, kila mmoja anazungumzia lake.

Afu zoeeni kwamba kwenye fani hii kutokubaliana hakuishi. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, wasomi wa fani hii, waliandika makala ambayo nawaomba mwisome kabla ya mtihani, wakasema matatizo ya mipango hayafanani na ya hisabati, namna unavyolieleza tatizo ndo inaamua jibu lako liweje, na huwezi kujaribu kwanza ukafuta, maana ukishajenga umeshajenga, watu wameshaathirika. New York miaka ya 1950 na 1960 Robert Moses, mkubwa aliyesimamia ujenzi wa barabara za jiji, alikuwa anaona tatizo ni magari kukwama, jibu lake likawa barabara kuu za kukata mitaa. Jane Jacobs, ambaye hakusomea mipango kabisa, alikuwa mwandishi na mkazi, aliutazama mtaa uleule akaona uhai, watu barabarani mchana mpaka usiku, macho ya majirani yakilinda watoto. Mwaka 1962 ile barabara ya mwendo kasi iliyotaka kupita Lower Manhattan ikakwama kwa mara ya kwanza kwa kelele za wakazi, na miaka michache baadaye ikafutwa moja kwa moja. Jiji moja, watu wawili wenye akili, matatizo mawili tofauti. Kwenye mtihani mwanafunzi anayeeleza hilo vizuri na kusema yeye anasimama wapi na kwa nini, mimi nampa alama za juu hata kama sikubaliani naye.

Swali: Mwalimu habari za kazi. Kwenye semina nimepangiwa kutetea hoja kwamba kupanua barabara hakumalizi foleni. Mjomba wangu ni injinia wa barabara ananiambia foleni inarudi kwa sababu hazikupanuliwa vya kutosha. Kwa kweli hata mimi naona kama ana hoja, nitatetea vipi?

Jibu: Nzuri kabisa. Mjomba umheshimu, barabara zake zinasafirisha watu na mizigo kweli, sasa mkae nae muongee hivi.

Barabara ikipanuliwa wiki za mwanzo inapitika vizuri, kila mtu anafurahi. Basi yule aliyekuwa anaondoka alfajiri kukwepa foleni anaanza kulala mpaka saa 1, aliyekuwa anapanda basi anaona bora aendeshe, aliyekuwa anapita njia za ndani anarudi barabara kuu, na baada ya mwaka mmoja miwili watu wanaanza kununua viwanja mbali zaidi kwa sababu sasa kule kumekuwa "karibu". Hao wote hawakuwepo kwenye hesabu ya mwanzo. Houston, Marekani, barabara inayoitwa Katy Freeway ilipanuliwa kazi ikaisha 2008, kuna sehemu ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni, na miaka michache tu baadaye muda wa kusafiri saa za msongamano ukaanza kurefuka tena. Kama njia 26 hazikutosha, mwulize mjomba taratibu, ya kutosha ni ngapi? Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner mwaka 2011 walitoa utafiti wa miji ya Marekani, wakaona kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka karibu kwa kiwango kilekile barabara zinavyoongezeka. Hapo una hoja yako ya kwanza.

Ya pili, kuna miji iliyofanya kinyume na haikufa. Seoul walikuwa na barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon katikati ya jiji, wakaamua kuibomoa kuanzia 2003, wakafufua mto kwa urefu wa karibu kilomita 6, 2005 watu wakaanza kutembea kando ya maji pale palipokuwa na lami. Magari hayakurundikana kama ilivyoogopwa, kwa sababu sambamba na hilo walipanga upya mabasi yao yote. Hilo la mabasi watu wengi wanaliruka wakisimulia, wewe usiliruke.

Ya tatu ni kulipia. Singapore walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji tangu 1975, London 2003. Stockholm walifanya kitu ambacho nakipenda sana kukifundisha, 2006 wakaanza kwa majaribio ya miezi 7, wakati wanaanza wakazi wengi walikuwa wanapinga, magari yanayopita kwenye mpaka wa katikati ya jiji yakapungua kwa karibu asilimia 20, watu wakaona kwa macho yao, ilipokuja kura wakazi wa jiji wakapitisha. Yaani wananchi walipewa nafasi ya kujaribu kabla ya kuamua, na kuna miji mingi inakosa ujasiri wa namna hiyo.

Ila kuwa makini na jambo moja, na hapa nasema kwa sauti kwa sababu nimeona insha nyingi zinateleza hapo. Usichukue hoja ya Houston ukaipeleka kama ilivyo mahali ambapo hakuna barabara kabisa, pale gari la wagonjwa haliwezi kufika na mvua ikinyesha watoto hawaendi shule. Pale barabara ni uhai. Swali lako liwe, barabara hii inambeba nani? Njia moja waliyopewa mabasi peke yao inabeba watu wengi kuliko njia hiyohiyo ikiachiwa magari binafsi, na Curitiba kule Brazil walilijua hilo tangu 1974, tena wakafanya na jambo la ziada, wakaruhusu maghorofa yasimame kufuata njia za mabasi, kwa hiyo nyumba na basi vikapangwa pamoja na wale wale watu, sio idara hii inapanga makazi na ile inapanga usafiri wanakuja kukutana siku ya uzinduzi. Ukimaliza semina mwalike mjomba asome, nadhani mtakubaliana zaidi ya mnavyotegemea.

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi sikusoma sana lakini binti yangu yupo mwaka wa tatu chuoni anasoma hiyo mipango miji. Sisi tunakaa makazi ambayo hayajapimwa, nimezalia hapa nimelelea hapa watoto wote wanne. Zamani akija likizo ananisimulia masomo, siku hizi ananyamaza, anatazama tazama tu nyumba na ule mfereji nyuma yetu. Nataka kujua ukweli, huko mnawafundisha kuja kutubomolea?

Jibu: Mama, salamu nimezipokea, na asante kwa kuandika. Nitakujibu ukweli wote, hata usiopendeza.

Kuna kipindi kirefu jibu lilikuwa ndiyo. Fani yetu iliamini makazi kama yenu ni uchafu wa kufagia, bomoa, jenga maghorofa, hamishia watu. St. Louis kule Marekani walifanya hivyo miaka ya 1950, wakajenga majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, yakaitwa Pruitt-Igoe, na mwaka 1972 wakaanza kuyabomoa kwa baruti yenyewe. Wengine husema kosa lilikuwa mchoro wa majengo. Mimi nakubaliana na wanaosema kosa kubwa lilikuwa pesa ya matunzo, ilitegemewa itoke kwenye kodi ya wapangaji ambao ni maskini, jiji lenyewe likawa linapoteza watu na kazi, lifti zikafa, mabomba yakapasuka, wenye uwezo wakahama. Huwezi kumpa mtu maskini jengo la gharama halafu ukamwambia alihudumie mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja kwa watu waliokwenda kukaa na wakazi badala ya kuwatazama kwa mbali. Mwingereza John Turner alifanya kazi Peru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akaona familia inaanza na kibanda, mwaka unaofuata ukuta wa tofali, baadaye paa, baadaye chumba cha mtoto aliyeoa, akawaambia wapangamiji wenzake kwamba hawa watu wanajenga mji kwa kasi na kwa bei ambayo serikali haiwezi, tatizo ni kwamba mnawazuia badala ya kuwasaidia. Jakarta, Indonesia, kuanzia 1969 wakaanza kupeleka njia za miguu, mitaro na maji kwenye makazi ya aina hiyo bila kumhamisha kila mtu. Karachi kule Pakistan, sehemu inaitwa Orangi, mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianza kazi na wakazi wa kawaida, kila uchochoro ukachanga pesa yake ukachimba na kulaza bomba lake la majitaka wenyewe, mafundi wakawasaidia kupima tu, serikali ikaachiwa mabomba makubwa ya nje. Medellín, Kolombia, 2004 wakapeleka gari za kamba za angani mpaka kwenye vilima walikokaa watu waliosahaulika, mtu akaweza kushuka mjini kwa nauli ileile ya treni. Haya yote sasa yanafundishwa, na mwanafunzi wa leo akipendekeza kubomoa makazi yote kwenye studio yangu anarudishiwa kazi yake.

Leo duniani watu zaidi ya bilioni 1 wanaishi kwenye makazi ya aina hiyo. Haiwezekani kuwahesabu wote kama makosa.

Lakini mama sitaki nikuachie matumaini ya uongo. Zipo nyumba ambazo lazima zihame, zile zilizo ndani kabisa ya njia ya maji au kwenye mteremko unaoporomoka, na mvua zinazidi kuwa kali. Hapo haki ni nini? Kwamba mkae meza moja kabla ya ramani kukamilika, sio baada. Kwamba pa kwenda pawe tayari, na pawe karibu na kazi na shule, maana kupeleka watu kilomita 30 nje ya mji ni kuwanyang'anya riziki hata kama nyumba ni mpya. Kwamba mlipwe kwa mnachopoteza.

Na kuna kundi ambalo hata sisi tunaojiona wema tunalisahau, wapangaji. Mtaa ukiboreshwa, mtaro ukijengwa, taa zikawaka, mwenye nyumba anapandisha kodi, na mpangaji aliyevumilia matope miaka yote anaondoka ndo kwanza lami inakauka. Hata hati za viwanja, Peru miaka ya 1990 walianza kutoa zaidi ya milioni 1 mijini wakitegemea benki zitamiminia watu mikopo, mikopo haikuja kwa kiasi kile, ingawa watu walipata utulivu wa moyo na wakaweza kwenda kazini bila mtu kubaki nyumbani kulinda kiwanja. Utulivu huo si jambo dogo. Ila hati inamlinda mwenye kiwanja, mpangaji yeye haimtaji.

Kuhusu ukimya wa binti yako, naweza nikawa nakosea, lakini nimewahi kuwa na wanafunzi wa namna hiyo na karibu wote ilikuwa hivi: darasani amesikia nyumbani kwao kunaitwa jina baya, na hajajua aliseme au alimeze. Mwambie alete swali lake darasani. Mwambie ule mfereji nyuma ya nyumba anaujua kuliko mwalimu wake, anajua maji yanafika wapi mvua ikinyesha usiku kucha, nani anaamka wa kwanza, uchafu unatoka upande gani. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, alichora ngazi ya vidato 8 kuonesha namna wananchi wanavyoshirikishwa, chini kabisa wanachezewa tu akili, katikati wanapewa taarifa na kuulizwa maoni basi, juu kabisa wanaamua. Mikutano mingi ya mipango inaishia katikati. Binti yako ni mtu anayeweza kuwavusha watu wa mtaa wenu kidato kimoja zaidi, kwa sababu anaongea lugha zote mbili. Naomba usimwache anyamaze.

Swali: Mwanangu amemaliza sekondari anataka kusoma mipango miji. Ajira zipo kweli?

Jibu: Ndugu mzazi, sitakuahidi ajira, hakuna fani ya kukuahidi hilo. Wahitimu wetu wanaingia halmashauri na mamlaka za miji, kampuni za ushauri, mashirika ya nyumba, ya usafiri, ya mazingira, na siku hizi wengi wanachukuliwa kwa ujuzi wa takwimu na ramani za kompyuta. Tangu karibu 2007 zaidi ya nusu ya watu wa dunia wanaishi mijini, na mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria itafika karibu asilimia 68 ifikapo 2050, kwa hiyo kazi ya kufanya ipo tele, shida ni kwamba kazi kuwepo na nafasi ya kulipwa kuwepo ni vitu viwili. Anayepata haraka ni yule aliyefanya fildi kwa moyo, sio aliyetafuta muhuri tu. Na kabla hajajaza fomu aulize kama kozi ya chuo hicho inatambuliwa na bodi ya wapangamiji ya nchi yake, wengine wanakuja kugundua baada ya miaka minne.

Swali: Mwalimu shikamoo, mimi mwaka wa mwisho, nahitaji mada ya tasnifu. Nimefikiria "Changamoto za ukuaji wa miji na mabadiliko ya tabianchi". Msimamizi ameikataa mara mbili hasemi kwa nini.

Jibu: Marahaba. Angepaswa kukwambia, ila mimi nakwambia, hiyo ni mada ya maktaba nzima. Huwezi kuimaliza kwa miezi 6 na wasaidizi hamna.

Anza na kitu kinachokuuma au kinachokushangaza, kiwe kidogo. Mfano mafuriko. Usiseme mafuriko mjini, chukua mtaro mmoja, kutoka unapoanzia mpaka unapomwaga, uutembee wote kwa miguu mara ya kwanza siku ya jua na mara ya pili mvua ikinyesha. Angalia wapi umejengewa juu, wapi umezibwa, nani kauziba na kwa nini, mara nyingi utakuta mtu katupa takataka mtaroni kwa sababu gari la taka halijawahi kufika kwake, na hapo tayari utafiti wako umeshageuka kuwa wa barabara na taka na sio wa mvua. Afu linganisha na kanuni ya ujenzi, sehemu ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kusakafiwa, na pale mtaani hali ikoje. Rotterdam kule Uholanzi wametengeneza viwanja vya michezo ambavyo mvua kubwa ikija vinageuka bwawa kwa muda, kimoja kinaitwa Benthemplein kilikamilika 2013, unaweza kukitumia kama kioo ila usikinakili, jiulize kwenye mtaro wako uwanja wa namna hiyo utamilikiwa na nani na atausafisha nani.

Au kama unapenda pesa zaidi, chukua kituo kimoja kipya cha usafiri, uliza bei ya viwanja jirani kabla na baada, nani alinufaika na ongezeko lile, na je, kuna hata senti iliyorudi kulipia kituo chenyewe. Hong Kong kampuni ya reli inajenga na majumba juu ya vituo vyake na faida inasaidia kulipia reli, nchi nyingi ongezeko lile linaishia mfukoni mwa aliyewahi kununua tu.

Ukishachagua, andika swali lako kwa sentensi moja isiyo na neno "changamoto". Msomee mtu wa nyumbani kwenu asiyejua fani hii, akielewa unachotafuta mpelekee msimamizi. Na kabla hujachapa dodoso lako la maswali 40, nenda kwanza pale na daftari tupu, kaa asubuhi moja nzima, usiulize kitu. Daftari hilo nitumie nilione, nitakujibu hapahapa toleo lijalo.